Kisichoyeyuka na Mvua

Anjela,

Aliyekuwa anakula ukuta wa shimo la watafiti ni mimi. Hakuwa fuko. Babu yako alitega mitego ya fuko mle shimoni msimu mzima wa vuli, kila asubuhi anashuka kuikagua, na hakukamata kitu kwa sababu fuko mwenyewe alikuwa amesimama juu anamshikia ngazi. Sijawahi kumwambia mtu. Nakuambia wewe kwanza kwa kuwa nilikula nikiwa na wewe tumboni, kabla sijajua kama upo.

Wala siandiki ili unisamehe. Hapa nyumbani nimeomba msamaha mpaka umeniishia.

Nimejifungia stoo, kwenye meza ya chupa za maji ya udongo. Jua linaelekea upande wa msitu wa Ngorongoro na bado naona vizuri bila taa. Nje nakusikia unagombana na jogoo. Kesho bibi yako wa Singida anakuja kukuchukua. Wamekuambia unaenda kuona ziwa lenye ndege wa rangi ya pinki, ukafurahi, ukaniuliza kama ndege hao wanakula ugali. Hakuna aliyekuambia unaenda kukaa. Neno hilo wameniachia mimi, na mimi tangu juzi nimelimeza.

Nikisikia mtu anapita karibu na mlango nasukuma karatasi chini ya sinia la kukaushia udongo. Ndiyo maana herufi nyingine zimechafuka. Utakapokuja kusoma barua hii utakuwa mkubwa, kwa hiyo sitakuandikia mambo ya kupiga mswaki na kusalimia wakubwa. Hayo utafundishwa na mtu yeyote. Nataka nikuambie nilivyokosea, kwa sababu hilo hakuna atakayekufundisha kama mimi.

Nilikuwa kidato cha pili watafiti walipokuja hapa Qurus kuomba kipande cha shamba la babu yako. Mkuu wao alikuwa mama mmoja wa chuo, mfupi, kofia yake pana kama ya mrina asali. Watu wakampa jina la Mama Mawe, akalipokea. Alitaka kujua jiwe linaoza kwa kasi gani mvua ikiligusa, na likishaoza linaupa udongo chakula gani. Alichimbisha shimo lililomzidi babu yako urefu, kuta zimenyooka kama za choo kipya, akachomeka misumari ukutani kutenganisha matabaka. Juu udongo mweusi wa samadi. Chini yake mwekundu. Chini kabisa wa njano wenye madoa meupe: jiwe ambalo limeshaoza ila bado lina sura ya jiwe. Ukilibonyeza kwa kidole linasagika kama biskuti.

Mvua ikinyesha, harufu ya tabaka lile ilinitoa darasani. Yaani nakaa kwenye dawati, mate yananijaa. Kuna udongo ule wa vijiti unaouzwa sokoni Karatu kwa akina mama wajawazito, lakini mimi ningeununuaje nikiwa na sketi ya shule? Nikawa nashuka shimoni na kijiko.

Siku waliyogundua nilikuwepo. Babu yako alionyesha vishimo ukutani. "Fuko."

Mama Mawe akainama, miwani kwenye ncha ya pua. "Mzee, mafuko wa Qurus wanatumia kijiko?"

"Wana kucha."

"Hizi siyo kucha. Amekwangua, akalainisha kando, akahama mahali pengine. Huyu ana adabu."

"Basi ni fuko aliyesoma," babu yako akasema, na vibarua wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, mkono mdomoni, maana meno yalikuwa bado ya njano.

Walipoondoka, Mama Mawe alibaki nyuma. Hakunikaripia. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama anauliza bei, "Tabaka gani tamu?"

Niliangalia viatu vyangu.

"Mimi mimba yangu ya kwanza nilimaliza kichuguu kizima," akasema. "Lakini mdogo wangu, udongo unashika madini ya chuma tumboni, hauyaachii yaingie kwenye damu. Unadhani unakula, kumbe unanyang'anywa. Na huo wa juu una minyoo. Nenda kliniki. Umenielewa?"

Nikatikisa kichwa. Juu na chini, ndiyo. Sikuenda.

Hilo la njano, Anjela. Lile lenye madoa. Ningemjibu hivyo kama ningekuwa na ulimi.

Sasa nikuambie kosa langu. Watu watakuambia kosa langu ni wewe. Wasikudanganye. Kosa langu ni hicho kichwa. Shule ya msingi nilikuwa mtoto wa kunyoosha mkono, Kiswahili kilinitoka kama maji. Kidato cha kwanza masomo yakageuka Kiingereza na mkono ukashuka. Mwalimu akiuliza kama tumeelewa, wenzangu wanajibu, mimi natikisa kichwa. Kutikisa kichwa hakuna lafudhi. Hakuna atakayekucheka kwa kutikisa vibaya. Nikaona nimepata kimbilio, nikahamia humo. Kiiraqw cha nyumbani, Kiswahili, Kiingereza, vyote ninavyo, na maisha yangu yameamuliwa kwa kichwa kinachokwenda juu na chini.

Baba yako, Juma, alikuwa mtoto wa vibarua wa shamba la kahawa, watu wa Singida. Alikuwa darasa moja mbele yangu. Ukisikia anasemwa vibaya, ujue hakuwa mbaya. Alikuwa mtoto, akakimbia kama mtoto. Mimi sikuwa na pa kukimbilia kwa kuwa wewe ulikuwa ndani yangu.

Bibi yako wa hapa ndiye aliyeona tumbo kwanza. Akamwambia babu yako. Hapo lazima ujue kitu kimoja cha kwetu, maana kule Singida hawatakuambia. Zamani, binti wa Kiiraqw aliyepata mimba kabla ya kuolewa hakuzalia kwa baba yake. Alitolewa, akapelekwa porini au kwa watu wa kabila lingine, azalie huko, kwa sababu walisema ataleta maafa kwa watu, mifugo na shamba. Babu yako ni mzee wa kanisa. Alikaa pale barazani, ameshika kofia, akasema, "Mimi mambo hayo siyaamini."

Nikashusha pumzi.

"Lakini majirani wanayaamini," akamalizia.

Nikatikisa kichwa. Asubuhi yake nikapanda gari la wauza viazi kwenda Nainokanoka, kule juu kwa Wamasai.

Bibi yako alikuwa na rafiki huko, mama wa Kimasai mwenye kiduka cha sukari na majani ya chai, walijuana mnadani. Wote walimwita Yeyo, mama, na mimi nikamwita hivyo. Kule juu baridi inaingia kwenye meno. Ukungu unakuja mpaka mlangoni kama mgeni asiyebisha hodi. Siku ya tatu Yeyo alinikuta nyuma ya boma nimepiga magoti, nalamba jiwe la magadi walilowawekea ng'ombe.

"Wewe Mmbulu!" akapiga kelele, ndivyo wanavyotuita Wairaqw. "Ng'ombe wetu wamekatazwa kushuka kreta kulamba chumvi, na hiki kidogo tunachowatafutia unakuja kukimaliza wewe?"

Nilitaka ardhi inimeze. Yeye akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, shanga zinalia. Halafu akanivuta ndani, akanipa maziwa na supu ya mizizi, na kila wiki akanitembeza kwa miguu hadi zahanati, yeye mbele, mimi nyuma, nikameza vidonge vya damu mbele ya macho yake kama mwizi anayerudisha mali. Ulizaliwa huko, asubuhi yenye ukungu. Kilio chako cha kwanza kilijibiwa na ndama. Yeyo alisema hiyo ndiyo sauti ya mtu atakayesumbua watu, akafurahi.

Babu yako hakuja. Nakuambia si ili umchukie. Nakuambia kwa sababu hakuja.

Tuliporudi Qurus ulikuwa umeshaota meno mawili. Mama Mawe alikuta nimekaa tu uani, akaniuliza mbele ya babu yako kama nitaweza kumsaidia kazi shambani wakati yeye yuko chuoni. Babu yako akajibu, "Huyu? Huyu haongei." Mama Mawe akasema, "Jiwe nalo haliongei, mzee, na tunalipima."

Kazi yenyewe umeikulia. Nusu ya kile kipande walimwaga unga wa jiwe jeusi la volkano, limesagwa kama dona. Nusu nyingine hawakumwaga kitu. Kote wakapanda mahindi na maharage sawasawa. Halafu wakazika vifuko vya nailoni vyenye unga ule uliopimwa, ili baada ya mvua tuvifukue, tuvioshe, tuvikaushe, tuvipime tena, tujue mvua imekula kiasi gani. Na ile mirija unayopenda kuipiga makofi, yenye kichwa cha kigae, inafyonza maji kutoka udongoni. Tunayapima uchachu, tunayafunga kwenye chupa, yanakwenda maabara kuangaliwa kalsiamu na potasiamu iliyotoka kwenye jiwe. Nilifanya yote hayo wewe ukiwa mgongoni, ukinivuta nywele kila nikiinama. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba mtoto na kazi havikai pamoja. Vimekaa. Mgongo wangu unajua.

Msimu wa kwanza hapakuonekana kitu. Mahindi ya huku na huku yakafanana kama mapacha. Babu yako akapita na jirani, akasema kwa nguvu ili nisikie, "Wamenilishia shamba mawe. Kesho nalilima upya kwa trekta." Na angefanya. Mama Mawe akaja mwenyewe, akakaa naye barazani, akamwomba. Akamweleza kwamba jiwe halipokei amri, linataka mvua, linataka mizizi ya maharage ipumue juu yake, linataka kuachwa. "Mzee, usilihamishe. Ukilihamisha tutakuwa hatujui kitu." Babu yako akanung'unika, akakubali. Msimu uliofuata akakubali tena. Uchachu wa udongo ulipoanza kupungua upande wa unga, na majani ya maharage yakaonekana kwenye vipimo yana kalsiamu zaidi, alikuwa wa kwanza kumwonyesha kila anayepita. Mavuno hayajaongezeka kivile, nisikudanganye. Ila anasubiri. Mtu yule ninayemjua mimi, ambaye chai ikichelewa anavaa koti aondoke, anasubiri jiwe.

Nilikuwa naosha vifuko siku moja nikamwuliza Mama Mawe swali. Ndiyo, niliuliza, mwenyewe, kwa sauti. Nilimwuliza anajuaje jiwe la zamani, lile la chini shimoni, limepoteza nini, wakati hakuna aliyelipima lilipokuwa zima. Akaweka chini kikombe chake. Akaniambia ndani ya jiwe kuna madini mengi, na mvua inayachukua moja moja. Kalsiamu inaondoka mapema. Sodiamu inaondoka. Lakini kuna moja, linaitwa zirkoni, kaidi, mvua hailiwezi. Linabaki. Kwa hiyo kwenye udongo uliooza sana, zirkoni inaonekana nyingi kuliko kwenye jiwe zima.

"Imetoka wapi?" nikauliza.

"Haijatoka popote. Haikuongezwa hata chembe. Vilivyokuwa vinaizunguka ndivyo vilivyoondoka. Ukiona imezidi, hapo ndipo unajua ni kiasi gani kimepotea."

Nilikaa na kile kifuko mkononi mpaka maji yakakauka.

Siku hizi wanasema nimekuwa mkaidi. Bibi yako anasema, babu yako anasema, hata katekista amesema, eti Paskalina yule mpole ameota pembe. Wanadhani nimeongezewa kitu, labda na watu wa chuo, labda na Wamasai. Sikuongezewa kitu, Anjela. Kilikuwepo. Nimepungukiwa tu na vya pembeni. Shule iliondoka. Marafiki wakaondoka, Juma akaondoka, nikaondolewa na mimi mwenyewe nikarudishwa. Kilichobaki ndicho wanachokiona sasa, na hakiwafurahishi.

Lakini mbona nimekubali uende? Hapo ndipo aibu yangu ilipo, siyo kwenye udongo. Babu yako alinieleza vizuri tu, hakupiga kelele. Sasa wasichana waliozaa wanaruhusiwa kurudi shule. Nirudi nimalize kidato cha nne, sina mtoto mgongoni, na wewe ukakae kwa mama wa Juma, aliyerudi kwao Singida, ambaye ana nafasi na hana mjukuu mwingine. "Uanze upya," akasema, "kama hakijatokea kitu." Halafu akampigia simu bibi yako wa Singida, akanipa simu.

"Pasi, mama," sauti ile ikasema, sauti nzuri, sina ugomvi nayo, "umeridhia mwenyewe nije kumchukua?"

Nikatikisa kichwa.

Kwenye simu, Anjela!

"Haloo?" akasema. "Haloo? Pasi? Mbona kimya?"

Babu yako alikuwa amesimama mbele yangu, anakiona kichwa. Akanichukua simu mkononi. "Amekubali," akasema.

Yule mama wa watu mpaka leo hajasikia sauti yangu. Anapanda basi kesho alfajiri kuja kuchukua mtoto kwa jibu ambalo hakulisikia. Jana bibi yako wa hapa alinikuta jikoni, akanifunika kwa khanga yake kama nilipokuwa mdogo, akasema, "Pasi, wewe ukinyamaza mimi nitaanzia wapi kusema?" Hata yeye nilimjibu kwa kichwa. Akaniangalia kama anataka kukishika kwa mikono miwili akisimamishe.

Nilipoanza kuandika hapa nilidhani naaga. Nilidhani nitakuachia maneno ya kukusindikiza, uwe mtoto mwema, unikumbuke, mambo kama hayo. Sasa naona mkono wangu umekataa. Nimeandika ukurasa wa tatu na sijakuaga hata mara moja.

Nitarudi shule. Hilo nalitaka, na nalitaka kwa hasira. Nataka kukaa mbele, mwalimu akiuliza kama tumeelewa nijibu kwa Kiingereza kibovu, wacheke, nirudie. Lakini sianzi kama hakijatokea kitu. Kimetokea. Kina miaka minne, kinagombana na jogoo. Mara ya kwanza walinitoa mimi ili majirani walale. Mara hii wanakutoa wewe ili niwe safi. Itakapofika zamu yako, watamtoa nani?

Babu yako amelisubiri jiwe tangu uko mgongoni mwangu mpaka leo. Aliombwa kwa sauti, barazani, akakubali. Jiwe, Anjela. Mimi na wewe hakuna aliyetuombea kwa sauti, na aliyepaswa kuomba ni mimi. Huenda atakataa. Ni baba mwenye nyumba, anaweza kukataa, na mimi sina nyumba nyingine. Lakini akatae neno nililolisema, siyo kimya changu. Na bibi yako wa Singida akija, nitamkaribisha chai, nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba mjukuu ni wake, aje amwone, likizo tutakuja kuona hao ndege. Kukuchukua, hapana. Nimefanya mazoezi ya neno hilo hapa stoo. Hapana. Halina ugumu wowote mdomoni.

Kama nitashindwa na ukaondoka, na unasoma hii huko mbali, basi ujue jambo moja tu: sikukubali. Mtu akikuambia mama yako alikubali, mwulize alilisikia kwa sauti ya nani.

Kuna mtu anakuja. Ni buti za mpira, ni babu yako, ametoka zizini, anakohoa kwanza kama kawaida yake kabla ya kugusa mlango. Mkono wangu umeshika sinia, umezoea. Nimelirudisha pembeni. Karatasi ziko juu ya meza, zote tatu, maandishi yanatazama mlangoni.

Anauliza kutoka nje, "Pasi! Nguo za mtoto umeshafunga?"

Nimemjibu kwa sauti, mpaka wewe na jogoo mmenyamaza: "Sijafunga, baba. Na sifungi. Ingia."